Kijana Huyo Analala Wapi?

Septemba 2022, wiki ile ambayo Dar es Salaam haikuwa na habari nyingine ila panya road, yale magenge ya vijana wanaopora kwa mapanga, mtaani kwetu tuliitwa mkutano wa dharura. Viti vya plastiki viliazimwa kwa mkodisha maturubai, waliochelewa wakasimama ukutani. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa alizungumza kama nusu saa, na neno alilolirudia kuliko yote lilikuwa malezi. Wazazi mmejisahau. Wazazi mmeuachia ulimwengu uwafunze watoto wenu. Tukaitikia kwa vichwa, kila mmoja akimfikiria mzazi wa nyumba ya pili.

Akanyoosha mkono mama mmoja anayeuza vitumbua pale njia panda. "Mwenyekiti, mimi nimepanga chumba kimoja. Kitanda kimoja na godoro la chini, pazia katikati. Nina mabinti wawili, na huyu wa kiume katimiza kumi na saba. Nisaidie, alale wapi?" Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akatabasamu, akasema hayo mama ni mambo ya ndani ya familia, tutayazungumza pembeni, sasa turudi kwenye ajenda ya usalama.

Kama waliyazungumza pembeni, mimi sikuwepo. Ila katika yote yaliyosemwa jioni ile, na mengi yaliyotangazwa redioni mwezi ule, sikusikia jingine lililogusa kwa karibu namna hiyo jinsi nyumba inavyoweza kumsogeza kijana kwenye uhalifu bila mtu yeyote ndani yake kukusudia.

Tukumbushane kidogo. Ijumaa ya tarehe 2 Januari 2015 jiji lilifunga milango mapema. Vijana waliokuwa wakitoka kumzika mwenzao aliyeuawa na wananchi walipita mitaani wakipora, na uvumi ukawatangulia: wako Magomeni, wako Sinza, wako Manzese, hata kule ambako hawakutia mguu. Kabla yao tulikuwa na genge la Mbwa Mwitu. Polisi wakakamata mamia. Miaka saba baadaye jina likarudi, safari hii mapanga yakiingia ndani ya nyumba za watu usiku. Mwanafunzi wa chuo akauawa Kawe, na siku chache baadaye polisi wakatangaza kuwaua watuhumiwa sita. Mombasa nao, upande wa Kisauni, wana Wakali Kwanza na Wakali Wao, vijana wa rika lilelile na panga lilelile. Na kila mara, msako ukishapoa, linafuata hubiri la malezi.

Nina ugomvi wa muda mrefu na neno hilo. Likitamkwa kwenye mkutano, macho ya watu yanakwenda upande waliokaa akina mama. Hata methali tunayoikimbilia inamtaja mama peke yake: asiyefunzwa na mamaye. Baba hayumo. Na mama tunayemkusudia kimoyomoyo ni yule aliyeachika, au ambaye hakuolewa kabisa, singo maza, anayerudi saa tatu usiku na beseni kichwani. Tumeshakubaliana kimya kimya kwamba mtoto wa huyo ndiye kibaka wa kesho.

Wakati huohuo, hadi mwaka 2009, sheria yetu ya zamani kuhusu mtoto wa nje ya ndoa ilimwekea baba ukomo wa matunzo wa shilingi 100 kwa mwezi. Mia moja, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa haitoshi hata nauli ya kuifuata. Sheria ya Mtoto ya mwaka huo ndiyo iliyoifuta, ikamwachia hakimu apime uwezo wa baba na mahitaji ya mtoto. Kijana aliyekuwa na miaka kumi na saba mwaka 2022 alizaliwa shilingi mia ikiwa bado sheria ya nchi. Sisemi ndiyo iliyompa panga. Nasema tulipokuwa tukimhukumu mama yake kwa malezi, vitabu vya sheria vilikuwa vimeshampa baba ruhusa ya kukaa pembeni.

Halafu kuna suala la ukweli wenyewe. Je, wazazi kuachana ndiko kunakozaa wahalifu? Mtafiti mmoja wa Marekani, Joan McCord, alipata bahati ambayo watafiti wachache huipata. Kati ya mwaka 1939 na 1945, katika miji ya Cambridge na Somerville kule Massachusetts, kulikuwa na mradi wa kuwasaidia wavulana wasiharibike. Washauri walikuwa wakiwatembelea majumbani na kuandika walichokiona: mama anaongeaje na mtoto, baba yukoje, ndani kuna amani au vurugu. Miongo mingi baadaye, wavulana wale wakiwa watu wazima, McCord akayafukua yale maandishi, akayalinganisha na kumbukumbu za mahakama. Alichokichapisha mwaka 1982 kingefaa kubandikwa kwenye kila ofisi ya serikali ya mtaa.

Wale ambao baba hakuwepo tena nyumbani, na mama waliyebaki naye hakuwa na mapenzi nao, asilimia 62 walikuja kuwa wahalifu. Hapo mwenyekiti wetu angepiga makofi. Lakini wale ambao baba na mama waliendelea kuishi nyumba moja kwa ugomvi usiokwisha ilikuwa asilimia 52, na mapenzi ya mama hayakuwapunguzia kitu. Waliolelewa na wazazi wote wawili kwa amani, asilimia 26. Waliolelewa bila baba ndani, na mama aliyewapenda, asilimia 22.

Massachusetts ya wakati ule si Temeke ya leo, hilo nalijua. Lakini ukikaa uswahilini miaka kumi unaziona namba hizo bila kufuata kumbukumbu za mahakama. Tunao wote mtaani: mama peke yake mwenye watoto wanne ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuitwa kituoni, na pembeni yake nyumba ya baba na mama, cheti cha ndoa ukutani, ambapo sufuria zinarushwa uani kila mwisho wa mwezi na kijana wa kwanza hajulikani aliko. Wazee waliokuja kusuluhisha wakisema "vumilieni kwa ajili ya watoto" walikuwa na nia njema. Mtoto aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia ndiye aliyelipa ule uvumilivu.

Turudi kwenye kitanda. Nyumba nyingi za kupanga kwetu ni za vyumba sita au nane, korido katikati, choo uani, kila chumba na familia yake. Mtoto wa kiume akifika darasa la sita au la saba inakuwa aibu kulala chumba kimoja na mama yake, au na dada zake waliokwishavunja ungo. Hakuna anayemfukuza. Baba anajikohoza tu kwa namna fulani. Mama anasema, "Leo nenda kalale kwa kina Juma." Leo inakuwa wiki. Kwa kina Juma nako panajaa, anahamia kwenye kibanda cha chipsi kikishafungwa, au kwenye gari bovu la gereji, na mwisho anapata geto.

Nimewahi kuingia kwenye geto moja nikimfuata kijana wa dada yangu. Chumba cha futi kumi kwa kumi, magodoro mawili yameunganishwa kwa kamba ya manila yasiachane usiku, spika kubwa kuliko ndoo ya maji, nguo zimetundikwa kwenye misumari kila mmoja na msumari wake. Walikuwa watano. Kodi ilikuwa ikilipwa na mmoja, kaka wa miaka ishirini na kitu, mpole, aliyenipisha kiti kile kimoja kilichokuwepo na kunipa shikamoo kama inavyotakiwa. Nikamuuliza kuhusu kadogo kuliko wote, kalikuwa kamekaa mlangoni kanachezea simu. "Huyu dogo halipi kodi, mjomba," akanijibu akicheka, "ila ana mbio."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Nyumbani kwao mtoto yule angekaripiwa na anayemlisha; mtoto anayelishwa ana wa kumsikiliza, apende asipende. Sasa anayemsitiri ni mwingine, na siku mwingine huyo akisema "leo tunatoka", asiyelipa kodi hana ubavu wa kusema amechoka. Hapo hata kama mama yake alimlea kwa kila adabu anayoijua, alishika mkono wake hadi saa mbili usiku tu. Zile saa kumi zilizobaki zilikuwa na mzazi mwingine.

Wapo watakaosema umaskini ni umaskini tu, usiusingizie, mbona sisi tulilala watano kwenye mkeka mmoja na hatukuwa wezi. Ni kweli, tulilala. Mimi nililala na binamu zangu barazani kwa babu, na babu mwenyewe alikuwa analala mlangoni akikohoa usiku kucha. Mkeka ulikuwa mbovu lakini ulikuwa na mwenyewe. Ukitoka kwenda haja unaulizwa, "Nani huyo?" Wa geto anatoka saa nane usiku na kurudi saa kumi na moja, na asubuhi hakuna wa kumuuliza alikuwa wapi.

Kuulizwa huko si jambo dogo. Katikati ya miaka ya 1960, Travis Hirschi alisoma majibu ya maelfu ya wanafunzi wa Richmond, California, na kati ya maswali waliyoulizwa vijana yalikuwamo mawili mepesi: ukiwa nje ya nyumbani, mama yako anajua uko wapi? Anajua uko na nani? Kadiri kijana alivyojibu kwamba mama anajua, ndivyo makosa yake yalivyopungua. Na Hirschi hakudai kwamba mama awe amemshika mkono. Kijana anayeelekea kwenye uovu huwa peke yake au na wenzake. Mzazi hayupo pale. Kinachomrudisha ni kwamba saa ile mama yake anamjia akilini. Kwa hiyo mama wa Feri, anayeondoka saa kumi alfajiri kuwahi samaki na kurudi usiku, hajashindwa malezi kwa kuwa hayupo. Akipiga simu saa saba mchana kuuliza "umekula? uko na nani hapo? mpe simu niongee naye", yupo. Nimeshamsikia mama mmoja kwenye daladala akiifanya kazi hiyo kutoka Mbagala hadi Kariakoo, watoto watatu, simu moja baada ya nyingine, na salio lilipomwishia akaazima simu ya kondakta.

Kuna upande ambao tunauogopa zaidi kuuzungumza, nao ni chakula. Kijana wa miaka kumi na sita, hana kazi, shule kaacha, anaingia jioni na kilo mbili za mchele, sukari, na mafuta ya kupimwa. Anaviweka mezani bila kusema. Mama anaviangalia. Anajua. Lakini siku hiyo jiko halikuwashwa, na wadogo zake wamekaa kimya kwa namna ile watoto wanayokaa kimya wakiwa na njaa. "Mungu akuzidishie, mwanangu," anasema, na chakula kinapikwa.

Mimi sijawahi kuwa na ujasiri wa kumhukumu mama wa usiku ule wa kwanza. Lakini usiku wa pili na wa tatu kuna kitu kinahama ndani ya nyumba. Kijana anahudumiwa kwanza. Anapewa kiti. Baba, kama yupo na hana kitu mfukoni, anashusha sauti. Siku mama atakapotaka kuuliza fedha zinatoka wapi, ataona kwamba swali hilo lingetakiwa kuulizwa kabla ya ule mchele. Tunawaita vijana hawa wakorofi waliokata mawasiliano na familia. Wengi niliowafahamu walikuwa na mawasiliano mazuri sana na familia, walikuwa wakiilisha.

Wapo pia waliokimbizwa na fimbo. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kupigwa kabla ya kufika miaka 18. Sheria ya Mtoto inakataza adhabu inayopita kiasi kulingana na umri na hali ya mtoto, ila kiasi chenyewe kila baba anakipima kwa mkono wake. Na mkutano wetu wa dharura, nikukumbushe, ulimalizika kwa mzee mmoja kusema dawa ni kurudisha viboko majumbani, akapigiwa makofi kuliko wote. Nilitamani kumwambia, ila ni mzee wangu na nina adabu, kwamba watoto wa pale kijiweni wanamwogopa baba kuliko polisi, ndiyo maana hawarudi nyumbani. Simu ikipotea, sare ikichanika, anaona heri alale nje kuliko kwenda kueleza. Nje hapo kuna kaka mwenye geto, mpole, asiyepiga mtu.

Na sheria yenyewe ikimkamata? Hapa tuna maandishi mazuri. Mtoto wa chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai. Chini ya 12, mpaka ithibitike alikuwa na uwezo wa kujua kwamba analofanya ni kosa. Kenya walikuwa na miaka 8 hadi sheria yao mpya ya watoto ya 2022 ilipopandisha hadi 12. Kwetu aliye chini ya 18 anatakiwa kwenda Mahakama ya Watoto, hafungwi jela, na afisa ustawi wa jamii anapaswa kuieleza mahakama habari za mtoto na za nyumbani kwao. Ni vizuri. Lakini shule ya maadilisho ya serikali, anakoweza kupelekwa badala ya jela, iko Irambo, Mbeya. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Mama wa vitumbua akitaka kumwona mwanawe anahitaji nauli ya kwenda na kurudi, pa kulala, na siku mbili tatu bila biashara. Kwa hiyo haendi. Kile kiungo kimoja ambacho tafiti zote na akili ya kawaida zinasema kinamshika kijana, kinakatwa na umbali wa basi. Akimaliza muda wake anarudishwa kwenye familia, maana yake kwenye chumba kilekile chenye pazia, sasa akiwa mkubwa kuliko alipoondoka.

Kusini mwa London kuna utafiti ulioanza mwaka 1961 kwa kuwafuatilia wavulana 411 tangu wakiwa na miaka minane hivi. Donald West aliuanzisha, David Farrington akauendeleza kwa miongo. Waligundua kwamba chini ya asilimia 6 ya familia zilibeba nusu ya hukumu zote za jinai za familia zile. Ukisoma haraka unaweza kusema wizi uko kwenye damu, na mtaani kwetu wapo wanaosema hivyo: ukoo ule, toka babu yao. Mimi naisoma kwa namna ya mtu aliyeshuhudia msako. Baba akifungwa, kipato kinaondoka, mama anahamia chumba kidogo zaidi, kijana anakosa pa kulala mapema kuliko wenzake. Na polisi wanalijua jina. Karandinga likipita saa tano usiku linazoa walioko nje. Aliyelala kwao amelala, hata kama mchana ndiye aliyepora. Asiye na kwao anapandishwa. Akitoka huko ameshajulikana, na nyumba iliyokuwa ikimpokea mara mojamoja nayo inamwogopa.

Ndiyo maana nikisikia tena hubiri la malezi nauliza gharama zake. Kibanda cha mabati uani kwa ajili ya vijana wa kiume wa nyumba nzima, chini ya uangalizi wa mtu mzima mmoja, ni gharama kiasi gani ukilinganisha na msako? Wenye nyumba wangapi wangekubali? Baadhi ya misikiti na makanisa huwaruhusu wanafunzi kulala ndani wakati wa mitihani. Mitihani ikiisha, milango inafungwa. Afisa ustawi wa jamii mmoja kwa kata zenye watu kama wilaya anaweza kutembelea nyumba ngapi kabla mtoto hajafika mahakamani? Hayo hatukuyagusa.

Mkutano uliazimia kila kaya ichange shilingi 2,000 kwa mwezi kwa ajili ya ulinzi shirikishi, na vijana wa mtaa wenye nguvu waandikishwe kulinda. Wakapewa filimbi, virungu na makoti mawili ya kupokezana. Mtoto wa mama wa vitumbua alikuwa kati ya walioandikishwa, umri wake ukiongezwa mwaka mmoja kwenye daftari. Nilikutana na mama yake wiki mbili baadaye, akigeuza vitumbua, nikamuuliza hali ya nyumbani. Akasema nafuu ipo. Kijana analinda mpaka alfajiri, anarudi yeye akiwa anatoka na karai lake, mabinti wanajiandaa shule. Wanapishana mlangoni. Akiingia, kitanda bado kina joto, naye anakipata peke yake hadi saa sita mchana.